Faranga, Likuta, Dola: Historia ya Kuandika Kiasi cha Fedha Nchini Kongo

Makala hii imezaliwa na swali dogo. Kijana mmoja, mtengenezaji wa programu za kompyuta, alitujia ofisini hapa Lubumbashi. Alikuwa akitayarisha programu ya mtandao ya kupokea na kuandika karo za wanafunzi wa chuo kimoja, nayo ilitakiwa isomwe kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Kiasi cha fedha kilionekana katika kurasa zaidi ya thelathini. Badala ya kuandika alama ya fedha ukurasa kwa ukurasa, alitaka kuiweka mahali pamoja, katika jalada la mipangilio, ili programu nzima ifuate. Akatuuliza: ni alama gani? Ikae mbele ya tarakimu au nyuma yake? Elfu zitengwe kwa nukta au kwa mkato? Sehemu za mia ziandikwe au ziachwe?

Tulimjibu kwa haraka. Kwa kuwa karo za chuo kile zilihesabiwa kwa dola, tulimwambia aweke alama ya dola. Akashukuru, akaenda zake.

Mwaka uliofuata, chuo kile kiliamua kutangaza karo kwa faranga. Mtu mmoja akafungua jalada la mipangilio, akafuta alama ya dola, akaandika FC. Kazi hiyo haikumchukua hata dakika moja. Kesho yake kila mwanafunzi aliyekuwa amekwisha kulipa dola 150 alionekana amelipa 150 FC, yaani fedha isiyotosha kununulia hata andazi. Orodha ya wadaiwa ikabandikwa ukutani, na wadaiwa hao wakakatazwa kuingia katika chumba cha mtihani.

Kompyuta ilitii amri iliyopewa. Tarakimu 150 ilikuwa imehifadhiwa peke yake, bila jina la fedha, na jina lake lilikuwa limewekwa mbali nayo, katika jalada lingine. Kosa lilikuwa letu, kwani tuliulizwa maswali manne ya uandishi, tukajibu swali la tano ambalo si la uandishi kamwe. Nukta na mkato ni mambo ya msomaji na desturi yake. Kama fedha ni dola au ni faranga, hilo ni jambo la fedha yenyewe, wala halibadiliki kwa kubadili msomaji. Ajabu ni kwamba sisi watu wa Kongo, kuliko watu wengi, tulipaswa kulijua hilo, maana historia yetu ya fedha imetufundisha kwa adhabu.

Tuanze mbali kidogo. Katika makaburi ya Sanga, kando ya Ziwa Kisale, ambayo Jacques Nenquin na Jean Hiernaux waliyachimbua mwaka 1957 na 1958, ilionekana misalaba ya shaba iliyozikwa pamoja na wafu. Uchunguzi uliofuata katika bonde la Upemba ulionyesha kwamba kadiri karne zilivyopita misalaba hiyo ilizidi kuwa midogo na kulingana kwa umbo, dalili ya kwamba ilikuwa imeanza kutumika kama fedha ya kuhesabiwa. Lakini hata hivyo msalaba wa shaba haukuwa tarakimu tupu. Ulikuwa na ukubwa wake na uzito wake, na mtu aliyeahidi misalaba kumi alipaswa kueleza ni misalaba ipi.

Vivyo hivyo kwa biashara ya nguo iliyofika Maniema na Katanga pamoja na misafara ya kutoka pwani katika karne ya 19. Kipimo kilikuwa mkono. Mikono minne ilifanya shuka, na shuka mbili zilifanya doti. Bei ikitajwa, zilitajwa kwanza kipimo, kisha idadi, kisha aina: doti tano za merikani, doti tano za kaniki. Merikani ni nguo nyeupe na kaniki ni nguo iliyotiwa nili, wala mfanyabiashara hakuzichanganya. Msomaji aone jinsi sarufi ya Kiswahili inavyosaidia hapa. Jina hutangulia, idadi hufuata, na idadi hulazimika kukubaliana na jina: shuka mbili, lakini misalaba miwili. Katika lugha yetu namba haitembei peke yake kwa urahisi. Ikitembea, umbo lake huuliza: ya kitu gani?

Mwaka 1887 Leopold II aliweka faranga ya Dola Huru ya Kongo, yenye thamani sawa na faranga ya Ubelgiji. Usawa huo ndio uliozaa uzembe wa kwanza. Kwa kuwa faranga ya huku na faranga ya kule zilikuwa sawa, makarani walizoea kuandika tarakimu na herufi mbili tu, fr., pasipo kutaja ni faranga ya nani. Kwa miaka mingi uzembe huo haukumdhuru mtu.

Ulikuja kudhuru baada ya uhuru. Mwaka 1960 Katanga ilijitenga, ikajipatia benki yake na noti zenye sura ya Moïse Tshombe, na mwaka 1961 ikatoa sarafu za faranga 1 na faranga 5 zenye picha ya msalaba wa shaba. Basi mtu wa Élisabethville wa mwaka 1962 alikuwa na faranga, na mtu wa Léopoldville alikuwa na faranga, na kila mmoja aliandika fr. katika daftari lake, lakini fedha zao zilikuwa mbili. Leo mwanahistoria anayefungua daftari la duka la miaka ile, akiona "fr. 1.200", hana budi kuuliza kwanza daftari liliandikwa mji gani na mwaka gani. Daftari likikosa tarehe, au likiwa la mfanyabiashara aliyepita mipaka ya Kasai, hesabu ile haisomeki tena. Tarakimu zipo, wino haujafifia, lakini maana imekwisha kutoka.

Mwezi wa Juni 1967 ikaja fedha mpya iitwayo zaire. Zaire moja ilichukua nafasi ya faranga 1.000, nayo wakati ule ilikuwa na thamani ya dola mbili za Marekani. Iligawanyika katika makuta 100, na kila likuta likagawanyika katika sengi 100. Kwa mtu wa lugha, hapa pana utajiri. Jina la likuta lina ukoo mrefu, kwa maana tangu karne ya 18 Wareno walipiga sarafu zilizoitwa macuta kwa ajili ya Angola. Umbo lake la umoja na wingi, likuta na makuta, ni ngeli ambayo msemaji wa Kiswahili huitambua mara moja kwa jicho la jino na meno. Ndiyo sababu neno hilo lilikaa vema katika vinywa vya watu wa Lubumbashi. Lakini alama iliyochaguliwa ilikuwa K, herufi isiyotokana na mwanzo wa likuta wala wa makuta, bali na shina lenyewe. Atakayetazama stempu za posta za miaka ile ataona tarakimu ikifuatwa na K au na Z. Katika ngeli za Kibantu, mwanzo wa neno hubadilika na shina hudumu, kwa hiyo aliyechagua shina alichagua kwa akili. Programu nyingi za leo zinashindwa hapo, kwani huongeza herufi moja mwishoni ili kupata wingi, kana kwamba lugha zote ni Kiingereza au Kifaransa.

Fedha yenye ngazi tatu ilihitaji pia tarakimu nne baada ya mkato kama mtu angetaka kuandika kila kitu kwa zaire. Haikuchukua muda mrefu sengi kusahaulika, kisha likuta likafuata. Sheria iliendelea kuzitaja sehemu hizo, lakini soko lilikuwa limekwisha kuziacha. Tutaliona jambo hilo likirudi.

Tarehe 25 Desemba 1979, Mobutu alitangaza kwamba noti za zaire 5 na zaire 10 zimepoteza thamani na kwamba zibadilishwe kwa muda mfupi na kwa kiasi kilichowekewa mpaka. Wengi waliokuwa wametunza akiba yao majumbani, hasa vijijini, waliipoteza. Hapo tarakimu na jina vilibaki vilevile, zaire kumi ilikuwa zaire kumi, bali tarehe ndiyo iliyotenganisha fedha na karatasi. Kiasi cha fedha, basi, kina jina, na kina siku pia.

Baada ya hapo sifuri zilianza kuongezeka. Mwanzoni mwa mwaka 1993 ilitolewa noti ya zaire 5.000.000. Étienne Tshisekedi aliitangaza kuwa si halali, wafanyabiashara wakaikataa, na askari waliolipwa kwa noti hiyo wakaingia mitaani Kinshasa. Katika machafuko hayo ya mwezi wa Januari balozi wa Ufaransa, Philippe Bernard, aliuawa. Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo ikaletwa zaire mpya, iliyochukua nafasi ya zaire 3.000.000 za zamani.

Hapo ndipo ilipotokea jambo ambalo kila mtengenezaji wa programu angepaswa kulisoma. Watu wa Kasai walikataa zaire mpya, wakaendelea kutumia za zamani. Kwa miaka kadhaa nchi moja ilikuwa na fedha mbili zenye jina moja, zikigawanyika kwa majimbo. Mtu aliyesafiri kwa gari la moshi kutoka Lubumbashi kwenda Kananga alibadili fedha njiani pasipo kuvuka mpaka wa nchi. Shirika la viwango la kimataifa, ambalo tangu mwaka 1978 limetoa herufi tatu kwa kila fedha katika kiwango kiitwacho ISO 4217, lilikuwa limeipa zaire ya kwanza herufi ZRZ na zaire mpya likaipa ZRN. Makarani wa kawaida waliandika Z na NZ. Herufi moja tu, N, ilibeba tofauti ya milioni tatu, na katika mwandiko wa haraka herufi moja huanguka kwa urahisi.

Tarehe 30 Juni 1998 faranga ikarudi. Faranga moja ya Kongo ilichukua nafasi ya zaire mpya 100.000, yaani zaire za zamani 300.000.000.000. Tukitaka kurudi nyuma hadi faranga ya kabla ya Juni 1967, faranga moja ya mwaka 1998 ilikuwa na ndani yake faranga 300.000.000.000.000 za kale. Nazo zote mbili huitwa faranga. Baba aliyeandika mwaka 1965 "faranga 100" na mwanawe aliyeandika mwaka 1999 "faranga 100" wameandika maneno yaleyale na tarakimu zilezile.

Hata kuisoma hesabu hiyo kwa sauti kuna tabu. Sisi wa Kongo, tuliofundishwa kwa Kifaransa, husema miliari kwa elfu ya milioni, na bilioni kwetu ni milioni ya milioni. Ndugu zetu wa Tanzania na Kenya, waliofuata desturi nyingine, husema bilioni kwa ile tunayoiita miliari. Kadhalika katika kutenga elfu: hapa twaandika 1.500 kwa maana ya elfu moja na mia tano, na mkato twauacha kwa ajili ya desimali. Wao huandika 1,500, na kwao 1.500 ni moja na nusu. Hili si jambo la urembo. Programu iliyotengenezwa kwa desturi ya Nairobi, ikiletwa Bukavu na karani akaandika 1.500 kwa mazoea yake, inaweza kuandika dola moja na nusu mahali pa elfu moja na mia tano.

Faranga ya mwaka 1998 ilianza na noti za santimu, kuanzia santimu 1 hadi 50. Leo mtoto wa shule hazijui. Kiwango cha ISO 4217 bado chaipa CDF tarakimu mbili za desimali, na programu nyingi, zikifuata kiwango hicho, huandika "280.000,00 FC", zikiwa na santimu ambazo hakuna anayeweza kuzilipa. Sengi na likuta yamerudi kwa jina jingine. Mwezi wa Julai 2012, zilipotolewa noti za faranga 1.000, 5.000, 10.000 na 20.000, dola moja ilikuwa karibu faranga 920. Katika mwaka 2024 ilipita faranga 2.800. Kwa dola, sehemu za mia zina maana katika hesabu za benki. Kwa faranga hazina. Kanuni moja ya desimali kwa fedha zote mbili itakosea upande mmoja daima.

Mwezi wa Januari 1999 Laurent-Désiré Kabila alikataza matumizi ya fedha za kigeni katika biashara ya ndani. Katazo hilo likaondolewa mwaka 2001, baada ya kifo chake. Kodi ya nyumba ikaendelea kutajwa kwa dola, sombe na samaki kwa faranga, na katikati ya hizo mbili wakakaa wabadili fedha, wale tunaowaita kambisti, na mabunda yao juu ya meza ndogo kando ya barabara. M-Pesa ilipoanza nchini Kongo mwaka 2012, mteja alipewa hesabu mbili katika simu moja, ya faranga na ya dola. Waliobuni mpango huo walielewa nchi waliyoingia. Hawakumuuliza mteja fedha yake ya kawaida ni ipi, maana mwenyeji wa Kongo hana moja. (Jina lenyewe, pesa, lilikuja nalo kutoka Kenya, katika mitaa yetu watu huendelea kusema feza, franga, makuta.)

Turudi sasa kwa kijana wetu. Tulipomwona tena, tulikuwa tumejifunza kwake mambo fulani ya ufundi ambayo yanathibitisha historia hii. Katika vivinjari vya intaneti mna chombo cha kuandika namba na fedha kwa desturi ya kila lugha, nacho kiliwekwa katika kiwango rasmi mwaka 2012. Ukikipa lugha na nchi, kitajua mahali pa nukta na mahali pa mkato. Lakini ukikiambia kiandike fedha pasipo kutaja ni fedha gani, hakibahatishi. Kinakataa na kutoa kosa. Waliokitengeneza wangeweza kudhani kwamba msomaji wa Kongo anataka faranga na msomaji wa Marekani anataka dola. Hawakudhani. Msomaji wa Kongo anaweza kuwa anatazama deni la dola, nalo litabaki deni la dola hata likiandikwa kwa mkato na nukta za kwetu.

Kiswahili cha Kongo nacho kina mahali pake katika vyombo hivyo. Katika hazina ya kanuni za lugha iitwayo CLDR, inayotunzwa chini ya Unicode, kimewekwa kando na Kiswahili cha Tanzania na cha Kenya, na desturi yake ya mkato na nukta ni hii yetu. Wengi wanaoandika programu mjini hapa hawajui, nao huchagua Kiswahili cha Tanzania kwa kuwa ndicho cha kwanza katika orodha, kisha hushangaa kuona shilingi.

Limebaki swali moja ambalo hatukubaliani hata miongoni mwetu: mahali pa alama. Dukani huandikwa 500 FC, kwa mfuatano wa Kifaransa. Mnunuzi anayesema Kiswahili husoma faranga mia tano, akianza na kile kilichoandikwa mwisho. Au husema namba kwa Kifaransa, kama ilivyo kawaida mjini Lubumbashi, na hapo jicho na ulimi hupatana tena. Tanzania waliandika 500/= kwa muda mrefu, urithi wa hesabu za Kiingereza, na huandika pia Sh 500, umbo linalofuata sarufi. Maoni yetu ni kwamba katika kurasa za Kiswahili FC 500 ni sahihi zaidi, lakini macho ya watu yamekwisha kuzoea kinyume chake, na risiti si mahali pa kuwafundisha watu sarufi. Tulimwambia kijana aache FC nyuma. Mwenzetu mmoja hajatusamehe.

Ama juu ya karo, programu ilitengenezwa upya. Kila kiasi sasa kinahifadhiwa pamoja na herufi zake tatu, CDF au USD, na pamoja na siku ya malipo na thamani ya dola siku hiyo. Jalada la mipangilio linaamua nukta, mkato na mahali pa alama, wala haliwezi kugusa jina la fedha. Kazi ngumu ilikuwa kurudi nyuma, kuipa kila tarakimu ya zamani jina lake. Mwanzoni ilionekana rahisi: yote yaliyoandikwa kabla ya siku ile ya mabadiliko yalikuwa dola. Kisha ikagundulika kwamba keshia mmoja, wateja walipomletea faranga, aliandika faranga chini ya alama ya dola, akijua moyoni mwake ni nini. Tarakimu kama 280.000 ilijieleza yenyewe. Lakini palikuwa na malipo madogo madogo, 600, 850, 900, ambayo yangeweza kuwa dola za mwaka mzima au faranga za karatasi ya mtihani. Hayo yalitafutwa moja moja katika stakabadhi za karatasi. Wanafunzi waliotunza stakabadhi zao walifutwa katika orodha siku hiyohiyo. Wale ambao hawakuzitunza walingoja keshia arudi kutoka Likasi, ili aulizwe anakumbuka nini.